Kichujio

Jikoni kwa Senje Kageha kichujio ni kile cha chai:
kinazuia makapi, kinaachia rangi.
Changu ni kioo chekundu kinachokaribia weusi;
ukikiweka jichoni saa sita mchana
unaona usiku.
Kinazuia kila mwanga nilioujua tangu kuzaliwa
na kupitisha ule usionihusu.

Filamu zilikuwa zimebaki tatu.
Mwaka mzima zimelala kwenye friji ya Amugune,
duka la dawa za mifugo, Chavakali,
kati ya chanjo ya kideri na maziwa lala ya mkewe.
Kila nikipita, Amugune ananiuliza:
"Hizi zako zinatibu nini?"

Haitaki hata ufa wa mlango, filamu hii.
Nimeipakia chini ya blanketi mbili,
vidole vikipapasa meno ya kigurudumu
kama mtu anayetafuta funguo
katika koti la marehemu.

Wapiga picha wenzangu hulikimbia jua la utosini.
Mimi nalingoja, kabla ya mvua ya saa tisa.

Na hupangi picha ukiwa na kichujio, hutaona kitu.
Unapanga kwanza, kioo kingali mfukoni:
miguu mitatu ya kamera juu ya jabali,
chai ya Mudete ikiteremka hadi mtoni,
Senje upande wa kulia,
kushoto mparachichi alioupanda Asava
mwaka walipoezeka nyumba kwa mabati.
Halafu unairudisha lenzi kidogo, hadi kwenye nukta nyekundu,
maana mwanga huu haukutani
pale mwanga mwingine unapokutania.
Ndipo unakaza kioo polepole
na kuanzia hapo unapiga kwa imani.

"Usitikisike, Senje. Nusu sekunde tu."
"Nusu sekunde ndiyo nini?
Mimi nimesimama hapa tangu Machi."

Bafuni, usiku. Tangi mkononi, nageuza,
nagonga sinkini kutoa mapovu, nageuza.
Dakika kumi na moja. Harufu ya siki.
Nje mvua iliyochelewa inapiga mabati
nami nahesabu kwa sauti ili isinipoteze.

Chai imetoka nyeupe.
Kilima kizima, kama gunia la unga limepasuka kileleni.
Mbingu ni tako la sufuria.
Jabali ni jabali, halikujali.
Uso wa Senje umekuwa laini kama nta, macho ni visima,
na gauni jeusi alilomshonea fundi wa Mbale,
gauni la miezi mitano, la kanisani na la sokoni,
limetoka jeupe.
Jeupe pe! Na leso yake pia.
Rangi ya kiwandani haikujua
imeajiriwa kwa matanga.

Niliichelewesha picha siku nne.
Alipoishika aliisogeza mbali, akaisogeza karibu,
akacheka mpaka akakohoa.
"Nani amenivua?" akasema.
Halafu tena, bila kicheko: "Nani amenivua?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kueleza habari za miali,
jinsi jani lenye uhai linavyoitupa nje
ile joto-joto tusiyoiona,
ndiyo maana chai, ndiyo maana nyasi...
Kidole chake kilikuwa kimeshafika kushoto.

Mparachichi ulikuwa mweusi.
Tulitoka mlangoni tukautazama pamoja:
kijani, kijani tupu, matunda yakining'inia,
kinyozi mmoja wa ndege akipunguza matawi ya juu.
"Labda ni dawa," nikasema. "Labda niliipika vibaya."
Akanirudishia picha.

Jioni nilipita na baiskeli
nikamwona ameinama shinani, mgongo barabarani,
kisu cha jikoni mkononi.
Alikwangua gome kidogo,
akanusa,
akakwangua tena, chini zaidi.