Kidole cha Karoti

Asubuhi, kabla chuma hakijapata joto la mikono,
nakibana kisu kwenye jiriwa, ubapa ndani, mpini nje,
na kwenye mpini natundika ndoo ya mchanga.
Kilo kumi. Ishirini.
Milima ya Friuli dirishani ina theluji, leo sina haja nayo.
Macho yangu yako kwenye kilimi,
kile kijibapa chembamba cha ndani
kinachouzuia ubapa usirudi nyumbani kwake
wakati nyumbani mna kidole cha mtu.

Pale kidole kinapokaa naweka karoti.
Loris, mhandisi, alicheka siku ya kwanza:
yeye kaja na mashine kutoka Milano, yenye namba zinazowaka,
mimi na karoti za sokoni, na uzi.
Sikumwambia habari za baba.

Mji wetu, Maniago, umefua visu tangu enzi za mundu na mkuki,
na ukiwapa wazee mkono
unamjua aliyekaa kwenye mtambo wa kukata
na aliyeinamia jiwe la kunolea
kwa kuhesabu kilichobaki.
Baba alikuwa na vidole tisa na nusu.
Nusu iliyokosekana haikubaki kiwandani.
Aliipoteza Jumapili, akikata jibini,
kwa kisu alichokitengeneza mwenyewe, akakisifu mwenyewe,
kilicholia tak! kila kilipofunguka,
naye akauamini ule mlio.

Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako.
Cha baba kilikuwa mfukoni, kimekunjwa, kimepakwa mafuta.

Kilo sitini. Themanini. Kilimi hakijatikisika.
Tisini na moja, kamba ya ndoo ndiyo inayokatika,
mchanga sakafuni, Loris anapiga makofi.
"Andika, Nives! Tisini na moja! Bosi ataichapa kwenye boksi."
Naandika. Ni kweli, na kweli haina kinyongo.
Kisha nakitoa kisu kwenye jiriwa,
nakishika kama mtu anayekwenda kuchuma uyoga,
naugonga mgongo wake kwenye kigogo cha mforsadi,
si kwa hasira. Kama unavyogonga mlango wa mgonjwa.
Mara moja.
Mara tatu.
Mara ya saba kilimi kinateleza upana wa unywele
na ubapa unarudi nyumbani.

Karoti haikupiga kelele.
Kipande kimoja kiliviringika hadi kwenye kiatu cha Loris.

Anasema: hakuna anayegonga kisu mgongoni.
Namwambia: hata anayetundika ndoo hayupo.
Watu husokota kiganja, huchokonoa, hufungua fundo la kamba
huku wakimjibu mtoto,
na kisu chao kimejaa makombo ya mkate,
na mvua, na mwaka wa nne.
Nguvu ni neno la siku moja.
Mimi napima kitu kingine, bado sijakipatia namba.

Anakaa kimya. Anaokota kile kipande,
anakitazama pale kilipokatika, palivyo laini.
Halafu anafungua tena ubapa, anausikiliza mlio,
safari hii kama mtu anayesikiliza ahadi ya shemeji yake.
"Tuongeze pembe nyuzi mbili," anasema,
"pale kilimi kinapoegemea."
"Nyuzi mbili," namjibu, "na Alhamisi uniletee vingine sita."

Karoti sizitupi. Jioni napita kwa Ilde, jirani,
mwenye sungura mweupe bandani, jina lake Bepi.
Bepi anakula vyote, hajali vilikuwa vidole vya nani.
Ilde anasema mnyama wake amenona sana majira haya,
anadhani ni nyasi.
Simwambii kitu. Nampapasa Bepi mgongoni,
nauhesabu unene wake, kosa kwa kosa,
nikiomba, kwa ajili ya wote wenye mifuko,
akonde.