Ubao wa Madeni

Sasa ni duka la matairi.
Mama anasimama katikati ya maegesho, Burslem, mvua ya rasharasha,
ananyoosha mkono: "Mlango ulikuwa hapa."
Mjomba Cyril anatikisa kichwa. "Hapo palikuwa choo."
Wamebishana hivi tangu mwaka wa sabini na mmoja,
tingatinga lilipolimeza Jagi la Buluu
kabla ya saa sita mchana,
na bado hakuna aliyeshinda,
maana shahidi wa mwisho, kizingiti,
alibebwa na mtu wa Tunstall kwenda kupamba bustani.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mapipa.
Babu Enoch alizaliwa pale, chumba cha nyuma,
Ijumaa ya mshahara,
wafinyanzi huko chini wakigonga bilauri mezani
hata mkunga akashuka, beseni mkononi:
"Nyamazeni, au pandeni mkazae nyie!"
Hiyo naijua kwa moyo. Kila Krismasi tulisimuliwa,
na kila Krismasi beseni lilizidi kujaa.

Mwenye kilabu alikuwa mama yake babu,
Hepzibah Tunnicliffe, mjane,
vidole vyeupe kwa chaki.
Wateja wake nao weupe: nyusi, kope, mikunjo ya shingo,
vumbi la udongo limewaganda kama unga,
vifua vikikoroma kama mivukuto.
Walikunywa ili koo lipate njia.
Aliwakopesha, akawaandika ubaoni,
na mmoja wao kifua kikimshinda
alitemea mate ncha ya aproni
akamfuta,
senti zake zote,
kabla jeneza halijapita dirishani.
Kanisani hakwenda. Alikuwa amekwisha kuzika.

Ubao ninao mimi.
Jiwe jeusi, kona moja imemeguka,
unaning'inia jikoni kwangu karibu na friji.
Naandika: maziwa. Vitunguu. Mpigie daktari wa meno.
Lakini jioni, jua likiingia kwa ubavu,
chini ya vitunguu vyangu huibuka mstari
ambao si wa chaki. Umechorwa kwa msumari:

A. Colclough, bilauri nne, na shilingi moja taslimu.

Nilimtafuta. Amos, mchoma vyungu, namba tisa,
aliyeitwa vitani majira ya kuchipua, kumi na sita.
Simu ya maandishi ilikwenda kwa mama yake, kama ilivyo haki.
Kwa Hepzibah haikwenda. Yeye alikuwa nani?
Mwenye baa anayemdai.
Basi akachukua msumari.
Husemwa dawa ya deni ni kulipa;
yeye alitaka deni lisipone.
Anayedaiwa bado yuko njiani.

Kaburi la Tunnicliffe linasema kumi na tatu.
Cheti cha babu kinasema kumi na sita, Novemba.
Mimi si hodari wa hesabu,
lakini hii hata mtoto angeipiga kwa vidole.

Kwa hiyo zile bilauri, usiku ule,
hazikugongwa na walevi tu.
Mtaa mzima ulijua unamgongea nani.
Na sisi tukapewa beseni, tukapewa mkunga na mdomo wake,
tucheke kwa sauti,
pasisikike lingine.

Mama na mjomba wamehamia kwenye suala la piano.
Ilikuwapo; haikuwapo; ilikuwa ya jirani.
Mjomba anashika kidevu akiwaza,
kidevu chenye shimo katikati,
ambacho hakimo katika picha yoyote ya akina Tunnicliffe.
Nafungua mdomo. Naufunga.
Kijana wa duka anatoka, mikono myeusi hadi viwikoni,
anauliza kama tunahitaji msaada.
"Mlango wenu," mama anamwambia, "mmeuweka vibaya."

Usiku naandika: mkate, chumvi, balbu ya ngazini.
Herufi zinabanana pembeni,
zinauzunguka ule mstari
kama watu wanaompisha mtu aketi.