Fundo

Fundo langu nalijua.
Kushoto mara mbili, kulia mara moja, kisha jino.
Mama alinifundisha tukiwa bado Mburahati,
friji tunakodi rafu moja kwa jirani.

Kwa hiyo siku maji yaliposhuka Kigogo
na vijana wa mtaa wakazibua mtaro kwa makoleo,
nililiona ndani ya lile tope jeusi:
kushoto mara mbili, kulia mara moja,
na alama ya jino langu lililopinda.
Kifuko kitupu, kimenyonywa kwa pembeni.
Kisha cha pili.
Kisha nikaacha kuangalia.

Nisiseme uongo, nilikikanyaga kikazama.
Godoro la Sikudhani lilikuwa juu ya ukuta, linachuruzika.
Akauliza, "Unatafuta nini huko, mama barafu?"
Nikamwambia, kandambili yangu.

Joto la Dar ndilo mtaji wangu.
Februari, bati linapolia tak, tak, saa nane mchana,
watoto wanatoka shule na mia mia zimelowa jasho:
ya ukwaju, ya ubuyu, ya maziwa.
Niliomba jua liwake.
Niliomba kwa udhu.

Mpwa wangu Mwinjuma ni fundi friji.
Amelala sakafuni, bisibisi mdomoni, anasema:
"Shangazi, hivi vifuko vyako ni mafuta.
Yaleyale ya kwenye malori.
Yanachimbwa, yanachemshwa kiwandani, moshi unapanda.
Ukivichoma uani, unapanda tena.
Unatufunika kule juu kama blanketi, na sisi tuna homa."
Nikacheka. Kumbe nauza baridi
niliyoifunga ndani ya joto?
Hakucheka. Aliuliza bisibisi ya nyota iko wapi.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya daftari la madeni.
Paketi tatu kwa wiki, kila paketi vifuko mia,
miaka kumi na tisa.
Laki mbili, tisini na sita elfu, mia nne.
Na kila kimoja kinanyonywa dakika tatu.
Ya mama, Mungu amrehemu, sikuyahesabu.

Rambo zilipopigwa marufuku nilishangilia na wenzangu.
Vifuko vyangu vikahamia chini ya meza
na mimi nikahamia navyo.

Sasa nina vikombe vya bati, vya Mtaa wa Kongo,
ishirini na vinne.
Wiki ya kwanza vilipotea saba.
Nagandisha kwenye trei, nakwangua kwa kijiko,
mtoto anakula hapohapo, kikombe kinarudi.
Anayekuja na chombo chake namwongezea kijiko.
Basi wanakuja!
Zamoyoni na kifuniko cha chupa ya chai,
mapacha wa fundi cherehani na sufuria moja, wanagombana,
na yule mdogo wa mwisho, hana kitu,
kanyoosha kiganja.
Nikamwekea kiganjani.
Alikimbia huku anapiga kelele za baridi.

Wapita njia wananiuliza, "Ya kufunga huna?"
Sina.
Wanavuka kwa mwenzangu, ana fundo lake.
Sijamwambia neno. Ana watoto watano,
na mimi jana nimeuza nusu ya nilichokuwa nauza.
Sijui kama jua lina habari na vikombe kumi na saba.

Ila napenda wanavyomaliza:
anapiga fundo la mwisho, anameza,
anakigonga kikombe mezani.
Fundo hilo halina cha kufunga.

Aprili mvua zilirudi, mtaro ukacheua.
Nilishuka na koleo langu.
Yangu yalikuwepo, mengi, nikayatia kwenye kiroba.
Chini kabisa, moja limefifia, limekuwa jeupe kama maziwa:
kushoto mara mbili, kulia mara moja.
Nikaligeuza nitazame jino.

Lilikuwa limenyooka.