Ndoo ya Sijui

Mhina alishuka melini na pakiti tatu,
punje za kijani kama chakula cha kuku.
"Hopu," akasema. "Uchungu wa bia unatoka humu."
Nikanusa ya kwanza: ganda la chungwa la Muheza,
lile linalokaa kuchani mpaka usiku.
Ya pili: mbao mbichi, randa ikipita.
Ya tatu sikuitambua. Niliirudia mara nne.

Mama Mbelwa akasema changanya,
pilau haipikwi kwa kiungo kimoja.
Nikamjibu, pilau naijua.
Hawa ni wageni. Mgeni huulizwa jina peke yake,
si watatu kwa pamoja mlangoni.

Basi ndoo tatu, uani Chumbageni.
Kimea kilekile cha mtama, maji ya bomba moja,
moto wa vifuu.
Nikaandika kwa mkaa: Chungwa. Mbao. Sijui.

Siku ya tisa tukaonja kwa vikombe vya chai.
Ya Chungwa ilichekesha ulimi,
ikaisha kabla ya kicheko.
Ya Mbao, Mama Mbelwa alisema jeneza,
akasukuma kikombe.
Ya Sijui ilikuja polepole, chungu,
kisha
marobota ya mkonge yaliyonyeshewa,
mlango wa bohari, mimi na miaka sita
nikimngoja baba alipwe.

Mama Mbelwa akanyoosha kikombe tena.
Habari za pilau hakuzigusa.

Pakiti imebaki robo, nimeifunga kwa uzi.
Jina lake limechapwa kwa lugha nisiyoijua.
Mhina akipiga simu
nitamsomea herufi mojamoja.