Ugonjwa Wenye Ratiba

Jumanne kobe aliwaka tena, mlima wa Kangemi,
kobe mdogo wa manjano kwenye dashibodi,
na gari likanywea
kama mtu aliyedaiwa hadharani.
Honi nyuma yangu. Kwenye kiti cha nyuma
kisanduku cha barafu, chupa ishirini na nne
za damu ya watu wanaosubiri majibu.
Nilizima feni. Nikazima redio.
Nikabonyeza kitufe cha kubana matumizi,
nikainama mbele kwenye usukani
kana kwamba mgongo wangu
ungesaidia kitu.

Nilikuwa nimelichaji usiku kucha.
Ndivyo nilivyodhani.

Ni la mtumba, limetoka Japani,
limejaa maandishi ambayo sijui
yananionya au yananitukana.
Kila niliwashapo, mwanamke aliyemo ndani
hutamka neno refu, laini,
nami huitikia: marahaba.
Hasara gani?
Kitu kimoja tu nilikielewa tangu siku ya kwanza,
saa.
Ikiwa saa moja jioni, kioo kilisema moja.
Ikiwa saa tatu, tatu.
Nikajisemea, hili ni la kwetu.

Basi nikatafuta mchawi.
Nilianza na kampuni ya umeme, kama kila mtu.
Nikanunua tokeni za elfu moja,
nikakesha na mita: namba zikashuka, zikashuka,
na ilipogonga saa saba usiku
zikatulia tuli,
taa za jirani zikiwaka vilevile.
Nikaulaumu waya niliouteremsha dirishani,
ghorofa ya pili mpaka uani;
nikanunua mwingine, mnene kama kidole gumba.
Saa saba, kimya.
Nikamlaumu Shikuku wa lango,
kwamba huuchomoa ili achaji simu yake.
Aliniangalia kwa muda.
"Simu yangu ni ya vitufe," akasema,
"chaji moja, siku nne.
Ni hilo lako linalolala njaa."
Niliona haya. Bado ninayo.

Mutheu alifika Uthiru Alhamisi, mvua imekatika,
viatu vyake vizito kwa tope jekundu.
Hakufungua boneti. Aliuliza tu,
hukatika saa ngapi?
Saa saba.
Kila usiku?
Kila usiku.
"Ugonjwa wenye ratiba," akasema,
"si ugonjwa. Ni utiifu.
Kuna mtu aliliagiza."

Akaketi kitini, akatazama simu yangu, akatazama kioo.
"Simu inasema nane na dakika ishirini.
Gari linasema mbili na ishirini."
Saa mbili na dakika ishirini, nikamwambia. Ni sawa.
Alicheka mpaka Shikuku akasogea kusikiliza.

Saa sita.
Huko lilikotoka, jua hututangulia kwa saa sita,
na kati ya saa ya simu na saa ya kinywa changu
ni sita hizohizo.
Kumbe gari halikujua Kiswahili.
Lilikuwa bado kwao.
Kuna mtu, sijui uso wake, aliliambia zamani:
kula usiku, umeme ukiwa rahisi,
ikifika saba asubuhi, acha.
Nalo, uani kwetu, gizani,
mbwa wa Uthiru wakibweka,
liliacha kula kila usiku
kwa ajili ya asubuhi ya watu wengine.

Mutheu akabonyeza mara tatu, ratiba ikafutika.
"Na saa? Niirekebishe?"
Kidole chake kikangoja juu ya kioo.

Iache, nikasema.

Ijumaa nilishuka ngazi, kisanduku mkononi.
Nilipouchomoa, waya ulikuwa na uvuguvugu,
kama kikombe kilichoachwa sasa hivi.
Kioo kilisema kumi na moja. Ilikuwa saa kumi na moja.
Mwanamke akatamka neno lake.
Marahaba, nikamjibu.
Na pole kwa safari.