Makomeo Matatu

Ndani ya kopo la unga, chini ya unga wenyewe,
nimeficha makomeo matatu ya bunduki
mwaka wa tisa huu.
Nikioka mkate vidole vyangu huyagusa,
baridi kama samaki wa chini ya barafu,
kisha huchota unga na kuendelea.

Bunduki zilikuwa za baba. Alipokufa
kaka yangu Duane alizirithi pamoja na kabati la kioo,
na ufunguo akautundika kwenye msumari
nyuma ya kalenda ya benki.
Kila mtu nyumbani aliujua msumari ule.
Nadhani hata mbwa aliujua.

Huku kwetu, kaskazini ya Minnesota, hilo si ajabu.
Mtoto hujua kulenga kabla hajajua kuendesha gari.
Nilipomwangusha kulungu wangu wa kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili;
baba alinipaka damu kwenye paji la uso, nikacheka.
Sisemi haya kama mgeni.

Lakini Brody alikuwa na daftari.
Majina kumi na moja, kwa mwandiko mzuri,
mwandiko ambao somo la hesabu halikuwahi kuuona,
na juu kabisa neno moja: Jumanne.
Mwalimu Sundquist alimpigia Duane simu.
Duane akasema, ni utoto, damu inachemka,
hata mimi nilikuwa hivyo.

Hakuwa hivyo. Nilikuwepo.
Duane alipiga ukuta ngumi, kisha akalia.
Brody hakupiga kitu. Alinyamaza,
na paka wa Bi Halvorsen alipookotwa nyuma ya ghala
yeye ndiye aliyeuliza, kwa adabu, atazikwa wapi.

Nilimwambia kaka: nunua sanduku la chuma.
Akataja bei. Nikasema nitalipa.
Akasema, unataka nimfungie mwanangu kama mwizi?
Nikasema, funga chuma, mwana mwache huru.
Akaongeza sauti ya televisheni.

Jumapili walikwenda ziwani kuvua,
nikaingia kwa mlango wa jikoni.
Desemba ilikuwa imefika; kalenda bado ilisema Oktoba.
Nikachomoa makomeo, moja, la pili, la tatu,
kama mtu anayemng'oa meno mgonjwa aliyelala,
nikazisimamisha bunduki mahali pake, nzuri, bubu,
na mezani nikaacha karatasi:
Ninayo mimi. Marlys.

Usiku simu ililia.
Umeiba mali ya marehemu.
Nikasema ndiyo.
Umemwita mwanangu muuaji.
Hapo sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Hatujasemezana tangu hapo, mimi na Duane;
kwenye mazishi ya mama tulisimama
yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu.

Jumanne ilifika.
Theluji ilianguka kidogo. Basi la shule lilipita
saa moja na dakika arobaini, kama kawaida,
na jioni watoto walirudi, glavu zimelowa,
wakigombana juu ya kitu nisichokisikia.
Hakuna gazeti linaloandika
habari za Jumanne ambayo haikutokea.
Hakuna wa kuniambia kama niliokoa watu kumi na mmoja
au nilimpoteza kaka bure.

Mwezi uliopita Brody alibisha hodi.
Ana miaka ishirini na mitano, anatengeneza mashine za theluji,
mikono inanuka petroli. Alimbeba binti yake wa miezi minne.
Alikung'uta viatu mlangoni
muda mrefu kuliko theluji iliyokuwepo.

Shangazi, bado unayo?
Ninayo.
Alilitazama kopo kana kwamba amelijua siku zote.
Akamhamisha mtoto bega hili hadi lile.
Usimpe baba, akasema.
Na alipokuwa ameshafika kwenye gari, bila kugeuka:
Wala mimi.