Lindo la Vyuma

Manispaa wamenipa koti, tochi, rungu
na karatasi yenye muhuri: sanamu kumi na moja,
kuanzia bustani ya mzunguko hadi stesheni ya reli,
zote za chuma, zote za mkono wa Tenywa, mwana wa fundi baiskeli,
zilale salama hadi mwisho wa Agosti.
Zilale, wameandika.
Mimi ndiye nikeshe.

Mwizi wa sanaa hapa Jinja
hana glavu nyeupe wala kamba ya kushukia darini.
Ana msumeno na gunia,
na mteja wake ni mizani ya nyuma ya soko
isiyouliza umbo:
simba na sufuria bei moja,
malaika na bati la choo bei moja.

Mchana sina kazi, macho ya watu yananilindia.
Mama Nangobi ametundika gomesi lake
kwenye pembe za ng'ombe wa mabomba, likauke.
Sijamkataza. Karatasi haikutaja nguo.
Na kaloli, kaloli wa kweli, yule wa jalalani,
alisimama siku tatu kando ya kaloli wa spoku
akimpima kwa jicho moja, kisha kwa jingine.
Siku ya nne akampandia kichwani, akamnyea.
Watalii walicheka. Tenywa alifurahi kuliko wote:
Amemkubali, akasema.

Ila ya kumi na moja, ile ya stesheni,
mwanamke aliyeketi kama anayengoja treni
(na treni ya abiria haiji),
mgongo wake minyororo, nyonga yake gurudumu la meno.
Nililipitia usiku wa kwanza kwa tochi
nikarudi nyuma hatua mbili.

Jino la saba limevunjika.
Nalijua. Nililivunja mimi,
usiku aliozaliwa Kagoya wangu, mikono ikitetemeka,
spana ikaniponyoka ndani ya Namba Kumi na Nne.
Nikasema ni zamu ya mchana.
Miaka kumi na tisa nililipaka girisi gurudumu hilo,
katika kelele ile ya kufuma
ambamo Msoga, Mteso, Mgisu na Mjaluo
tulikutana kwenye Kiswahili kifupi:
shika. Zima. Ongeza. Bado.
Kiwanda kilipokufa mashine ziliuzwa kwa uzito.
Sisi hatukupimwa.

Nimemuuliza Tenywa alilipata wapi.
Kwenye rundo, akasema, kilo thelathini na mbili.
Na mama huyu anaitwa nani?
Kibao kinasema: Bila Jina.

Juzi, saa tisa usiku, nikasikia
kri, kri, kri, kama panya mwenye subira.
Nikawasha tochi: Mugoya,
mwana wa marehemu Balidawa tuliyekuwa zamu moja,
amepiga magoti miguuni pa mwanamke
kama anayemfunga viatu.
Tulitazamana. Rungu lilikuwa mkononi, zito.
Mzee, akasema, hiki ni chuma tu.
Nikamwambia: ndicho nilichochuma.
Sijui kama alielewa. Mimi mwenyewe
nililielewa neno hilo lilipokwisha kutoka.
Baba yako, nikasema, alikuwa upande wa kushoto,
hapo, mkono wako ulipo.
Akauondoa mkono.

Msumeno aliusahau, au aliuacha.
Sijaupeleka ofisini. Uko chini ya koti.

Mwisho wa Agosti litakuja lori
na watu wenye kalamu, wahesabu kumi na moja.
Wapi wanazipeleka, karatasi haisemi.
Nami nimenunua girisi, kikopo cha elfu tatu,
mke wangu asijue;
na mji ukishatulia, mbwa wakibaki na barabara yao,
nalipaka gurudumu, jino baada ya jino,
ingawa limechomelewa lisizunguke tena.

La saba naliruka,
kama zamani.